Juu ya Kubadili Kazi na Ualimu wa Viungo

Kazi ni vazi la mtu. Hulivaa asubuhi akajulikana kwalo, na jioni hulivua wala asiache kuwa mtu. Lakini vazi lililovaliwa miaka ishirini hushikana na ngozi, na mwenye kulivua huonekana na jirani zake kama mtu aliyejichuna. Ndiyo sababu mtu wa makamo akisema kuwa ameacha ukarani, au uhasibu, au uuguzi, ili ajifunze kazi nyingine tangu alifu, watu kwanza humwonea huruma, kisha humcheka, na mwisho humwuliza kwa sauti ya chini kama amefukuzwa.

Siku hizi swali hilo huulizwa juu ya jambo jipya. Katika miji mingi ya dunia wako watu wanaoacha meza za ofisi ili wawe walimu wa mazoezi ya viungo yaitwayo Pilates. Mazoezi haya hufanywa taratibu, mtu akiwa amelala juu ya mkeka, au juu ya kitanda cha mbao chenye springi zinazovutwa kwa mikono na miguu. Shabaha yake ni kutia nguvu misuli ya tumbo, mgongo na nyonga, na kumfunza mtu kuongoza pumzi yake na kila kiungo chake. Mwalimu wake hahitaji uwanja wala mpira. Anachohitaji ni chumba, mkeka, jicho kali na ulimi wenye kueleza.

Katika makala haya nauliza maswali mawili. La kwanza ni kama kubadili kazi ukubwani ni aibu, au ni desturi ya kale ya pwani yetu. La pili ni zito zaidi, kwa kuwa migongo ya watu imo ndani yake, nalo ni hili: ni kitu gani kimfanyacho mtu kuwa mwalimu wa mwili wa mwenziwe? Je, ni jina, ni cheti, au ni mafunzo? Swali la kwanza naanza kulijibu hapa nyumbani, Tongoni. La pili litatupeleka mbali, kisha litaturudisha.

Tongoni iko kiasi cha kilomita 17 kusini ya mji wa Tanga, upande wa njia iendayo Pangani. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, baadhi yake yenye nguzo ndefu, na wataalamu huyahesabu majengo hayo kuwa ya karne ya 14 na ya 15. Katika nguzo za makaburi mafundi walichimba vishimo vya mviringo wakatia vibakuli vilivyotoka ng'ambo kuwa pambo. Vibakuli vimekwisha kwenda, vishimo vimebaki. Richard Burton alipopita mwaka 1857 aliyakuta ni magofu tayari. Mji ulioweza kununua vyombo vya nchi za mbali na kuvipachika makaburini ulikuwa mji wa biashara ya bahari. Biashara ile ilipohama, pwani hii haikuwa jangwa. Watu waliishi kwa uvuvi, kwa minazi na kwa mashamba. Walibadili kazi, na kwa sababu walibadili kazi, wako hata leo watu wa kutuonyesha makaburi ya waliokufa.

Bahari ya mbele ya Tongoni ina kisa kingine kinachofaa kukumbukwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1498 meli ya Wareno iitwayo São Rafael, moja katika msafara wa Vasco da Gama, ilipanda mwamba katika maji ya upande huu, ikakwamuka maji yalipojaa. Waliporudi kutoka Bara Hindi mwezi wa Januari mwaka 1499 mabaharia wengi walikuwa wamekufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Basi wakatia nanga mahali walipopaita Tamugata, ambapo wanahistoria hupatambua kuwa ni Mtangata, jina la kale la sehemu hii, wakaichoma moto São Rafael. Lakini kabla ya kuichoma waliipakua. Watu walihamia katika meli mbili zilizobaki, na vitu vikahamia pamoja nao, hata sanamu ya mti ya mtakatifu ambaye meli iliitwa kwa jina lake. Sanamu hiyo imo katika nyumba ya makumbusho huko Lisbon hata sasa.

Wareno hawakuja kutufundisha hekima, na mambo waliyoyafanya baadaye katika pwani hii yanajulikana. Hata hivyo kitendo kile chaonyesha sheria moja ya kubadili kazi. Chombo kisichoweza kuendelea huachwa, ila shehena yake haiachwi. Mwenye kuteketeza chombo pamoja na shehena hakubadili safari, amefilisika. Naomba msomaji aishike sheria hii, maana tutaihitaji mbele.

Karne tano hazikuinyima Tanga mifano mingine. Mwaka 1893 Mdachi mmoja jina lake Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 iliyotumwa iliishi 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani, na katika miche hiyo 62 yakazaliwa mashamba yaliyoitawala Tanga kwa muda wa miaka mingi. Wanaume walitoka mbali kuja kukata mkonge, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Wakulima na wafugaji wakawa wakataji wa majani yenye miiba. Baadaye bei ya katani ilianguka mbele ya nyuzi za viwandani, mashamba mengi yakaingia porini, na watu wale wale au watoto wao wakabadili kazi mara ya pili. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja, kisha kikaenea hata pwani ya Tanga. Waliokishika zaidi ni wanawake, na wengi wao hawakuwa wasichana. Walikuwa mama na bibi, waliojifunza kufunga mbegu kwenye kamba wakati maji yanapokupwa.

Tena mwana wa upande huu aliyeipa lugha yetu fahari kubwa, Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini ya Tanga, mwaka 1909, hakuanza maisha kwa jina la mwandishi. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 mpaka 1944, kisha akatumika katika idara nyingine za serikali. Aliyemwona akihesabu bidhaa bandarini asingalidhani kuwa mtu yule ndiye atakayesomwa na watoto wa watoto wetu.

Basi jibu la swali la kwanza liko wazi. Kubadili kazi si jambo geni lililoletwa na ofisi za leo. Ni desturi ya pwani, na mara nyingi ndiyo iliyoiokoa. Wapo watakaonijibu kwa methali kwamba mwacha asili ni mtumwa. Kweli, lakini asili ya mtu si meza aliyokalia. Nami nitawajibu kwa methali nyingine, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini historia ya kazi haikuandikwa katika daftari peke yake. Imeandikwa katika miili. Mkata mkonge huandikwa mikononi, mama wa mwani huandikwa mgongoni kwa kuinama, na karani huandikwa shingoni. Mwandiko mkali kuliko yote uliandikwa katika vita ya 1914 mpaka 1918. Vita hiyo ilifika Tanga mapema. Mwezi wa Novemba mwaka 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka Bara Hindi lilishuka hapa likashindwa na jeshi la Wadachi na askari wao. Baada ya hapo maelfu kwa maelfu ya watu wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, na wengi walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa kikosi cha wachukuzi hao. Kwa wakubwa wa vita, mgongo wa mtu ulikuwa gari tu.

Katika vita hiyo hiyo, mbali na hapa, Mjerumani mmoja alikuwa kifungoni kwa Waingereza. Jina lake Joseph Pilates. Alizaliwa Mönchengladbach mwaka 1883, na habari zake husema kuwa alikuwa mtoto mgonjwa aliyejitia nguvu kwa mazoezi. Alikwenda Uingereza kabla ya vita kutafuta riziki, na vita ilipoanza alikamatwa pamoja na raia wengine wa Ujerumani, mwisho akawekwa katika kambi ya Knockaloe, kisiwa cha Man, iliyofungiwa watu zaidi ya 20,000. Wachukuzi wetu walielemewa na mizigo, na wafungwa wale walielemewa na uvivu wa kulazimishwa, ambao nao huoza mwili. Hapo Pilates aliyaendeleza mazoezi yake. Yasimuliwa kuwa alifunga springi kwenye vitanda vya wagonjwa ili wapate kujinyosha wakiwa wamelala, na kuwa hakuna mwanafunzi wake aliyekufa kwa homa kuu ya mwaka 1918. Masimulizi hayo ni matamu, lakini mwenye kusoma historia huyapokea kama mgeni apokeavyo sifa za mwenyeji wake, yaani kwa adabu, bila kuyatolea ushahidi. Lililo hakika ni kuwa mwaka 1926 alihamia Marekani, akafungua chumba cha mazoezi New York pamoja na Clara, mwenziwe wa maisha, na kwamba elimu yake aliiita Contrology, maana yake elimu ya kuutawala mwili. Alitoa kitabu mwaka 1934 na kingine mwaka 1945, na alifariki mwaka 1967.

Watazame sasa walioingia chumba kile na kutoka wakiwa walimu, kwani wao ndio watu wa kwanza walioufanya ualimu huu kuwa kazi ya pili. Wengi walikuwa wachezaji ngoma wa jukwaani walioumia. Romana Kryzanowska aliletwa akiwa mwanafunzi wa dansi mwenye kifundo cha mguu kilichoumia, naye akaja kuwa mmoja wa walimu mashuhuri wa mazoezi haya mpaka alipofariki mwaka 2013. Carola Trier alikuwa mchezaji wa sarakasi na dansi, kisha akafungua chumba chake mwenyewe kwa ridhaa ya mwalimu wake. Kathleen Grant, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1921, alicheza jukwaani hata goti likamkatalia. Mwaka 1967 yeye na Lolita San Miguel walipata cheti cha kufundisha kwa njia ya Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, na hao wawili ndio wanaojulikana kuwa walipata cheti cha namna hiyo chini ya Pilates mwenyewe. Baadaye Bi Grant alifundisha wacheza dansi katika Chuo Kikuu cha New York, akaendelea na ualimu karibu na mwisho wa maisha yake mwaka 2010.

Ikumbuke meli ya Mtangata. Watu hawa waliacha chombo, yaani jukwaa, lakini walipakua shehena. Mchezaji dansi anajua uzito wa mwili unapokaa, anajua pumzi inapokatika, na tena anajua maumivu. Goti lililomtoa katika kazi ya kwanza ndilo lililomfundisha kazi ya pili. Aliyeumia na akajifunza sababu ya kuumia kwake hutazama goti la mwenziwe kwa jicho ambalo mzima hanalo.

Je, karani aliyekaa ofisini miaka ishirini ana shehena gani? Anayo. Anaujua mgongo wa meza kwa kuwa ni wake. Muuguzi anajua kumshika mtu bila kumtia hofu. Mshona nguo anajua kuwa bega la kulia na la kushoto si sawa kwa mtu yeyote. Mwalimu wa shule anajua kueleza jambo lile lile kwa njia tatu bila kukasirika. Mtu wa namna hii hafiki mkekani mikono mitupu. Lakini shehena si safari. Yampasa kujifunza, na hapa ndipo penye swali la pili.

Baada ya kufa kwa Pilates watu waligombea jina lake. Mmoja alilisajili kuwa alama ya biashara, akawazuia wengine wasilitumie bila idhini. Shauri likafika mahakama ya shirikisho mjini New York, na tarehe 19 Oktoba mwaka 2000 hukumu ikatoka kwamba Pilates ni jina la namna ya mazoezi, si mali ya mtu mmoja. Tangu siku ile mlango wa jina uko wazi. Mtu aliyesoma miaka mitatu anaweza kujiita mwalimu wa Pilates, na mtu aliyesoma siku tatu anaweza vile vile. Hukumu ilikuwa ya haki, kwa sababu elimu haifai kufungiwa sandukuni. Lakini iliwaachia wanafunzi mzigo wa kuchagua, na mwenye mgongo mbovu hana mizani ya kumpimia mwalimu wake.

Katika jambo hili desturi zetu zina neno la kusema. Ufundi wa pwani haukulindwa kwa jina. Yeyote aliweza kujiita fundi, lakini watu waliuliza: amefunzwa na nani? Mwanagenzi alikaa kwa fundi, akachukua zana, akatazama, akakosea mbele ya macho ya mkubwa wake, akasahihishwa. Alipohitimu alitoa kilemba, zawadi ya kumshukuru fundi wake, na watu wakajua kuwa ameruhusiwa. Mafunzo ya mwili nayo yalikuwa na walezi wake. Kungwi na mkandaji hawakupata heshima kwa kutangaza. Walipata heshima kwa sababu mikono yao ilijulikana, na waliokandwa walikuwa hai kutoa ushahidi. Watu wa chumba kile cha New York walifuata njia hiyo hiyo bila kuijua kwa jina. Walikaa kwa fundi miaka, kisha wakapewa ruhusa.

Kwa hiyo nasema kuwa kinachomfanya mtu kuwa mwalimu wa viungo ni miaka ya kusahihishwa. Cheti ni karatasi ya kuikumbuka miaka hiyo. Kama miaka haikuwako, karatasi yakumbuka nini? Atakayeacha kazi yake kwa ajili ya ualimu huu kwanza auonje mwilini mwake kwa muda mrefu, angali akipokea mshahara wa kazi ya zamani. Kisha atafute mwalimu mwenye mwalimu. Kisha afundishe akitazamwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika kazi hii methali hiyo si fumbo.

Yampasa pia asidai zaidi ya haki yake. Mwaka 2015 wataalamu wa shirika la Cochrane walizikusanya tafiti zilizofanywa juu ya Pilates na maumivu ya mgongo. Walikuta kuwa mazoezi haya yanafaa kuliko kukaa bila tiba ya maana, lakini hawakupata ushahidi thabiti kuwa yanashinda mazoezi mengine. Mwalimu mwema hujivunia habari hiyo, kwani yamwepusha na uganga wa uongo. Atamwambia mwanafunzi kuwa mazoezi yatamsaidia iwapo atayafanya kwa bidii, naye atajua lini amfungie mkeka na kumpeleka kwa daktari.

Limebaki jambo moja linalonihusu mimi nifundishaye lugha. Waliomfuata Pilates waliyafupisha mafunzo yake katika kanuni sita. Kwa lugha yetu naziita makini, kujitawala, kitovu, usahihi, pumzi na mfululizo. Hakuna hata moja iliyonihangaisha kutafuta neno. Kiswahili kilijua kitovu kuwa ni kati ya mwili na asili ya mtu kabla ya chumba chochote cha New York, na neno kujitawala, ambalo wazee wetu walilitumia kwa nchi, lakaa vizuri juu ya mwili. Mwalimu atakayesimama mbele ya mama wa mwani na kumwamuru kwa lugha ya vitabu vya kigeni atakuwa anafundisha ukuta. Akimwambia avute kitovu kuelekea uti wa mgongo, atoe pumzi kama anayepuliza makaa, kisha ainuke pingili kwa pingili, mama yule ataelewa kabla sentensi haijaisha. Kazi hii ni kazi ya ulimi nusu nzima, na ulimi wetu uko tayari.

Pwani ya Tanga ina migongo mingi iliyoandikwa na kazi: ya mkonge, ya mwani, ya cherehani, ya usukani na ya meza. Kwa miaka mingi historia iliitumia migongo hiyo bila kuishukuru. Mtu akiacha ofisi yake katika umri wa makamo, akajifunza kwa unyenyekevu, kisha akarudi kuifundisha migongo hiyo kunyoka, tusimwulize kama amefukuzwa. Tumwulize amefunzwa na nani, na ameleta shehena gani. Akiwa na majibu mawili hayo, tumtandikie mkeka.